Nimekuwa Nikiifuta Taa ya Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na ukiweza unisaidie haraka, maana Jumapili ndiyo hiyo inakuja na mimi sijui nitakaa upande gani wa meza.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, kazi yangu ni kukagua mizani sokoni na madukani, yaani nikiingia tu buchani muuza nyama anaanza kutabasamu kabla hata sijamsalimia, nina mke ambaye ni mwalimu, na nyumba yetu imepakana na ya mama yake mzazi, ukuta ni mmoja, gari langu linalala upande huu na la mama mkwe linalala upande ule, mtu akikohoa kwake anasikika kwangu. Mama ana miaka sitini na nane, ni mshonaji wa sare za shule, ana duka lake na vyerehani vitatu, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu anawasha gari, analiacha liungurume kidogo huku yeye anarudi ndani kuchukua mkoba na kufunga milango, kisha anaondoka na majora yake ya kitambaa. Alianza kuendesha gari wakati mimi bado nafungwa kamba za viatu.

Sasa, miezi miwili iliyopita nilinunua kile kidude cha kusoma makosa ya gari, kile kidogo cha ukubwa wa kiberiti ambacho unakichomeka chini ya usukani halafu kinaongea na simu bila waya, simu inakuambia injini ina joto kiasi gani na inazunguka mara ngapi kwa dakika, na kama kuna ubovu inakupa namba ya kosa na maelezo yake, na kuna kitufe cha kufuta, ukikibonyeza kosa linafutika na taa ya injini kwenye dashibodi inazimika. Viliuzwa viwili kwenye pakiti moja. Kimoja nikachomeka kwangu, cha pili nikampelekea mama mkwe kama zawadi, nikamchomekea mwenyewe, nikakijaribu kwa simu yangu kikakubali, nikamweleza kwa madaha yote, akasema, "Ahsante baba, Mungu akuzidishie," na nadhani alikuwa ameshakisahau kabla sijafika getini. Hata mimi nilikisahau.

Kesho yake asubuhi nikakaa kwenye gari langu, nikafungua simu, nikaambiwa feni ya kupoza rejeta haifanyi kazi. Nilishtuka, ila kusema ukweli nilifurahi pia, maana mtu akinunua kipimo anatamani kipime kitu. Nikafuta. Kesho yake kosa limerudi, nikafuta tena, ikawa ndiyo kazi yangu ya asubuhi, chai mkono huu na simu mkono huu, nasoma, natikisa kichwa, nafuta. Yako mambo mawili ambayo yangenizindua kama ningekuwa na akili timamu. Kwanza kidude kilikuwa kinafanya kazi saa kumi na mbili na nusu tu, saa nyingine zote simu inasema haipati gari, nami nikajiambia kinachelewa kuamka. Pili taa ya injini kwenye dashibodi yangu haikuwahi kuwaka hata siku moja, nami nikaamua kwamba balbu yake imeungua.

Nikapeleka gari kwa fundi wetu, huyu ndiye anayetengeneza magari ya ukoo mzima wa mke wangu na watu wamemzoea kwa jina la Fundi Polepole, akafungua boneti, akawasha, akasubiri injini ipate moto, feni ikaanza kuzunguka na vumbi likanipiga usoni.

"Bosi, feni si hiyo hapo inazunguka?"

"Simu inasema haizunguki."

"Na macho yako yanasemaje?"

Basi hapo nikapandwa na hasira, nikamwambia mbele ya wateja watatu kwamba yeye ni fundi wa kizamani na anaficha uzembe wake, akafunga boneti taratibu, akafuta mikono, akasema, "Sawa bosi." Tangu siku hiyo hajanipigia simu.

Huku nyuma, upande wa pili wa ukuta, mama alikuwa anaona taa. Jioni akirudi kwenye foleni taa ya injini inawaka, asubuhi akiwasha gari taa ipo, anaingia ndani kuchukua mkoba, akitoka taa haipo. Alilipeleka kwa fundi mara mbili, mara zote mbili hakuna taa na injini haijapata moto wa kutosha, fundi hakuona kitu, mara ya tatu mama akaona haya kwenda. Akamwambia mke wangu, "Mwanangu, naona taa ambayo haipo." Mke wangu alikuja kulia jikoni kwetu. Wiki mbili zilizopita akakuta kwenye daftari la vipimo la mama, katikati ya viuno na urefu wa sketi za wanafunzi, maneno "leo imewaka", "leo imewaka", ukurasa hadi ukurasa, na akaona huo ndio ushahidi kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa. Watoto wake wanne wakapigiana simu, wakakubaliana kikao kiwe kwetu Jumapili, mama akabidhi funguo za gari, halafu apelekwe kwa daktari wa kichwa. Na mimi, mshauri, ndiye niliyesema, kijiko kikiwa mkononi, "Mama amehangaika vya kutosha, apumzike, sisi tutampeleka anakotaka," na wote wakanisifu kwa busara.

Sasa jana asubuhi niliingia kwenye gari kama kawaida, nikafungua simu, injini inazunguka mara mia nane, joto linapanda, nikanyoosha mkono nizime, hakuna funguo, nikakumbuka nimeziacha mezani. Nikashuka nikaweka kiganja juu ya boneti, baridi kabisa. Nikasema hili gari limeingiliwa na pepo. Ndipo nikasikia ng'ambo ya ukuta mama anakanyaga mafuta kidogo, na namba kwenye simu ikaruka mkononi mwangu, akaachia ikashuka, akakanyaga tena ikaruka tena, kisha nikasikia geti lake, gari likaondoka, na simu ikaniambia haipati gari. Kumbe tangu siku ile nilipojaribu kidude cha mama simu yangu iliganda kwake, vyote viwili vina jina moja, na miezi miwili mizima nimekuwa nasoma gari lake na kuifuta taa yake. Nilikaa pale hadi chai ikapoa.

Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni ni nafuu, nafuu kubwa hata machozi yakanitoka, mama ni mzima, kichwa chake kizima, macho yake mazima kuliko yangu. Cha pili ndicho kinachonifanya nikuandikie, ni aibu. Nimewaza nimwombe fundi aitengeneze ile feni kimyakimya, nichomoe kidude, niwaambie mashemeji tumpe mama muda kwanza, na mambo yaishe bila mtu kujua, maana nikisema, mama mkwe atajua kwamba mkwe wake amekuwa anachungulia gari lake kila asubuhi, mashemeji watanicheka hadi uzeeni, na mke wangu atakumbuka kila chozi. Nifanyeje?

Mkaguzi Niliyehitaji Kukaguliwa

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Mkaguzi, barua yako ilinifikia Alhamisi mchana na ukurasa huu unatoka Jumanne. Nikaona nikifuata zamu, Jumapili itapita na funguo za watu. Ndiyo maana nilikupigia simu, ndugu yangu. Niliyokuambia siku ile nayarudia hapa, kwa kuwa najua wenye vidude ni wengi.

Kwanza, shusha pumzi. Hukumkusudia mama ubaya, ulimpelekea zawadi. Na ile nafuu iliyokutoa machozi kabla ya aibu imekuokoa machoni pangu, kwa hiyo nitakugombeza kwa wastani.

Sasa nikugombeze. Wewe kazi yako ni mizani. Ukimkuta muuza sukari anasoma uzito wa gunia la jirani yake, unamfungia duka. Lakini wewe miezi miwili umesoma gari la jirani na hukujiuliza hata mara moja kipimo kimekaa juu ya nini. Feni inakupulizia vumbi usoni, unasema simu imesema. Taa haiwaki, unasema balbu imeungua. Fundi wa watu anakuuliza macho yako yanasemaje, unamtukana. Na kosa linalorudi kila siku, wewe kila siku unalifuta, hukuwahi kuliandika popote. Mama ndiye aliyeliandika, na ninyi mkasema anaumwa.

Hata hivyo hayo yote ningekusamehe. Ambalo silisamehe ni huo mpango wako wa kimyakimya. Feni itatengenezwa, taa haitawaka tena, na mama ataendelea kuamini kwamba kwa miezi miwili aliona vitu visivyokuwepo. Huyo hahitaji kikao, atawakabidhi funguo mwenyewe, na kila mtakapomwambia neno atajiuliza kama amelisikia kweli. Utakuwa umelitengeneza gari ukamwacha mwenye gari na ubovu ambao hakuwa nao. Kisa? Mashemeji wasikucheke. Acha wakucheke. Utacheka nao ukizoea.

Nilikupa maagizo, nawe, nakupa haki yako, uliyafuata. Nilikuambia gari la mama lisitoke tena barabarani mpaka feni ipone, maana injini inaweza kuchemka akiwa kwenye foleni. Nilikuambia umwendee mama mchana kweupe, kabla ya kikao, mke wako awepo, na usiseme "kulitokea hitilafu," useme "nilifuta mimi." Nikakuambia uchukue simu yako, kwa kuwa programu hizo huweka orodha ya siku ulizofuta, uiweke kando ya daftari la vipimo.

Ijumaa jioni ukanipigia, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Ulinieleza kwamba mama alikusikiliza bila kukukatiza, akavaa miwani, akafungua daftari, wewe ukawa unasoma siku moja moja kutoka kwenye simu na yeye anaweka alama kwa chaki ya kushonea. Siku mbili tu ndizo hazikulingana, na mama akasema hizo alisahau kuandika. Mke wako alikuwa amekaa chini kando ya kiti cha mama yake, amelaza kichwa magotini pake. Kisha mama akasema twendeni nje. Mkawasha gari, mkaliacha liungurume palepale uani, mshale wa joto ukapanda, feni kimya, na taa ikawaka. Wewe, kwa mazoea yako mabaya, ukainua simu.

Mama akakushika mkono. "Usiifute, baba," akasema. "Iache hapohapo. Jumapili waje waione."

Akazima gari, akatia funguo mfukoni mwake.

Kikao kilifanyika, lakini uani. Watoto wanne, watu wazima wenye familia zao, wakapanga foleni, kila mmoja akaingia kwa zamu yake, akakaa kwenye kiti cha mama, akazungusha funguo, akatazama. Yule shemeji yako mkubwa, aliyekuwa ameandaa hotuba ya kumwomba mama apumzike, ulisema alikaa humo kuliko wote. Alipotoka hakuhutubu. Alisema tu, "Naiona, mama," na mama akamjibu, "Mimi pia." Ndipo kicheko kikaanza, nawe ukachekwa kama ulivyoogopa, na nasikia kabla ya saa kumi ulikuwa unaigiza mwenyewe jinsi ulivyoshika boneti baridi.

Mama ameruhusu haya yachapwe, kwa sharti kwamba gari lake lisisemwe vibaya. Ni gari zuri. Feni tu.

Yaliyobaki ni haya, na sitaki ubishi. Kwa Fundi Polepole uende mwenyewe, usitume ujumbe, na umwombe radhi mbele ya wateja. Ulimtukana mbele ya watatu, kwa hiyo ukimkuta na wawili, kaa kwenye benchi usubiri wa tatu. Kidude cha mama kichomoe umpe mkononi, aamue mwenyewe kama anakitaka. Simu yako isahau kabisa gari lake, na chako ukipe jina ambalo huwezi kulichanganya. Kosa likitokea tena kwako, liandike, mpelekee fundi, kisha ndiyo ufikirie kufuta. Na funguo za mama zisizungumzwe tena mezani mpaka siku atakapozileta yeye.

Umeniambia feni mpya inafungwa leo. Fundi akimaliza, taa ile itakuwa bado inawaka na itabidi ifutwe. Usiifute wewe, wala usimwachie fundi. Mpe mama simu, mwonyeshe kitufe, abonyeze mwenyewe.