Kikapu cha vyeti vya hisa

Shamsia, acha unachofanya usome hii. Ndiyo kwanza tumetoka mkutanoni hapa kanisani Mgeta.

Si unaikumbuka ile kampuni ya mboga iliyotuuzia hisa nje ya kanisa? Leo mama alisimama akaomba kuona hesabu za mwaka. Akasema kampuni za soko la hisa huzitoa mpaka gazetini.

Mkurugenzi akamjibu kwa upole, "Mama Scholastika, hizo ni kampuni za umma. Sisi ni kampuni binafsi, hatulazimiki kutangaza hesabu."

Watu wakapiga makofi. Makofi, Shamsia.

Mwalimu Ezekiel ndiye aliyeuliza. Akasema kisheria kampuni binafsi mwisho wanahisa hamsini, na hairuhusiwi kuuzia hisa kila mtu. Sisi pale tulikuwa mia tatu na kitu. Sasa sisi ni nani?

Mkurugenzi akatabasamu. Akasema vyeti vyetu vina kosa dogo la uchapaji, tuvirudishe vyote leo hii akavirekebishe mjini.

Na mama unamjua. Alishaona aibu kwa swali lake, akataka kuonyesha hana neno na mtu. Akachukua kikapu cha sadaka, akapita benchi kwa benchi kukusanya vyeti, kama afanyavyo Jumapili. Hakuna aliyemkatalia, kwa sababu ni yeye.

Gari la mkurugenzi limeshateremka na vyeti vyote. Mama amekaa mlangoni na kikapu kitupu mapajani, ananiuliza kama kuna mtu amebaki na cheti hata kimoja.

Cha kwetu alikitia cha kwanza.