Bima Inayoishia Bandarini

Kokura, 4 Mei 2017

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, bado anapanda ngazi zile za mtaa wetu wa Yeongdo na ndoo ya kabichi kana kwamba ana miaka ishirini? Mimi ni mzima huku ng'ambo ya bahari. Nakula, nalala, nagombana na maprofesa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hupigiana kelele, na karatasi haimkatizi mtu kauli. Nina swali. Bi Kuraoka, mwenye bafu la umma hapa mtaani, amekubali niegeshe gari letu ubavuni mwa ukuta wake, ila ametaka kuona bima. Nikampa ile karatasi uliyoikata bandarini siku tuliyolishusha gari kutoka melini. Akaisoma yote, kisha akaniuliza, "Dada, hii inalipa nikivunjika mguu. Ukuta wangu je?"

Nikaenda kwa wakala wa bima karibu na stesheni. Mama mmoja mpole alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Namba za Korea? Gari hilo hatulikatii bima kubwa, ile inayolipa hadi mali ya watu. Labda ile ya kwenu inafika huku. Uliza kwenu."

Basi nauliza kwetu, ambako baba yangu ameuza bima miaka ishirini na sita. Unakumbuka nilivyoiita kazi yako: biashara ya hofu. Kauli hiyo sijaifuta. Lakini nataka kweli kujua: ahadi iliyolipiwa Busan inaishia wapi? Je, nayo ina ufuko?

Mwanao,
Serin


Busan, 12 Mei 2017

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo unauma mvua ikikaribia, kwa hiyo sasa majirani huniuliza mimi habari za hali ya hewa. Mama anakusalimu, na anauliza kama yule samaki mkavu aliyemfunga uzi mweupe bado yumo kwenye buti la gari. Usimtupe. Anasema hiyo ndiyo bima yake yeye.

Swali lako ni la mtu aliyesoma mno. Gari lina bima kubwa, lina jina langu na lako, na sijachelewa kuilipia hata siku moja. Wateja wangu wote wanaovusha magari kwenda huko kucheza gofu na kuoga maji ya moto nimewaambia neno hilo hilo: bima yangu humfuata mtu kama kivuli. Bwana Pyo, yule muuza nyavu, hunitania kila mwaka. "Wakala Tak, kivuli chako kinajua kuogelea?" Namjibu, "Kuogelea? Kinapiga mbizi!"

Hakuna aliyewahi kurudi na manung'uniko. Mwezi wa saba kampuni itanitunuku ngao: miaka ishirini na sita bila lalamiko hata moja. Mama ameshanunua gauni.

Endesha kwa amani. Kaa kushoto.

Baba yako


Kokura, 20 Mei 2017

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imekupa mgongo wako likizo.

Nilimwomba Mama akipige picha kitabu chako cha bima, kurasa zote. Nimekisoma kama tunavyosoma katiba darasani. Ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa nne: "Ahadi hii inatumika ndani ya ardhi ya Jamhuri ya Korea." Ndani ya ardhi, Baba! Kivuli chako hakikuzama. Hakikuwahi kupanda meli.

Kwanza nilikasirika, kisha nikaanza kudadisi: imekuwaje mtu makini kama wewe asiuone mstari huo kwa miaka ishirini na sita? Nadhani nimeelewa. Kaskazini kwetu kuna waya na askari; pande tatu zilizobaki kuna maji. Nani atausoma mstari wa mpaka katika nchi ambayo gari haliwezi kuuvuka mpaka kwa magurudumu yake? Tumeishi kisiwani bila kukiita kisiwa. Kosa hili ni letu sote, nalo lina historia.

Lakini historia haimwondolei mtu wajibu. Karatasi ya bandarini hulipia mwili wa mtu tu. Siku mmoja wa wateja wako atakapoingia na gari ndani ya duka la watu, nani atasimama naye? Wameamini neno lako, si ukurasa. Ni wangapi, Baba? Uliwaambia kwa kinywa chako. Wafuate kwa miguu yako. Na ngao ya kutolalamikiwa ina thamani gani, ikiwa wasiolalamika ni wale tu ambao bado hawajapata ajali? Nasema bila kupepesa macho: ukinyamaza, utakuwa umeuza giza na kuliandikia risiti.

Mwanao,
Serin


Kokura, 3 Julai 2017

Baba,

Shikamoo. Wiki sita hujanijibu. Mama anasema hujambo, ila unakula nusu bakuli na kutazama besiboli bila sauti.

Nina la kuungama. Ile barua ya mwezi wa tano niliiandika asubuhi, nikaipeleka posta mchana. Niliipeleka kwa gari.

Na sikuishia hapo. Niliendelea kwenda nalo kwenye vijiji vya makaa ya mawe kuwahoji wazee, nikijiambia kwamba utafiti wangu ni wa haki na haki haisubiri basi. Tarehe tisa Juni nilirudi nyuma kwa haraka, usukani uko kushoto na ukuta uko kulia, nikaugonga ukuta wa Bi Kuraoka. Vigae kumi na viwili vilianguka. Hapakuwa na mtu aliyeumia, wala mtu aliyeniona. Nikalifunika gari turubai. Kwa siku mbili nilipitia uchochoro mwingine.

Siku ya tatu nikabisha hodi. Alifungua akiwa na brashi mkononi. "Karibu. Nilikuwa nahesabu siku."

"Ulijua?"

"Kishindo kile? Hata wateja walitoka majini! Nikamwambia paka wangu, tumwone msomi huyu anachukua muda gani kutembea hatua ishirini."

Alinikemea hadi masikio yakawaka moto, kisha akaniletea saruji na ndoo. Vigae nimevirudisha mwenyewe. Vimepinda, naye anawaonyesha wateja kwa kidole. Funguo za gari nimemkabidhi yeye.

Kwa hiyo mimbari sina tena, Baba. Yale niliyokuomba bado nakuomba, ila si kwa sababu mimi ni mwadilifu. Nakuomba kwa sababu najua siku mbili zile zilivyokuwa ndefu, na wewe uko kwenye wiki ya sita.

Mwanao,
Serin


Kokura, 20 Julai 2017, kwenye benchi la mlinzi wa bweni lako

Binti yangu,

Marahaba, na marahaba kwa zile zote ambazo sikuzijibu. Mlinzi anasema uko darasani hadi jioni, nami siwezi kungoja, basi namwachia yeye barua hii.

Uliuliza ni wangapi. Ni tisa. Kwanza nilimwonyesha meneja ukurasa ule. Akasema, "Wametia saini, Tak. Nani amekutuma uwasomee kwa sauti?" Nikatoka nikaanza kubisha hodi. Daktari wa meno alicheka tu. Bi Maeng alinifukuza kwa ufagio: "Miaka minane naendesha uchi huko bila bima, na wewe unaniletea keki kila Mwaka Mpya!" Ngao sikuipokea. Niliandika lalamiko la kwanza dhidi yangu, nikalipeleka mwenyewe kaunta. Mama alivaa gauni lake, akaenda nalo kununua samaki.

Nimewafikia wanane. Wa tisa ni Bwana Pyo. Alivuka Jumatatu na gari na mkewe, na simu ameizima kwa sababu yuko mapumzikoni. Mwanawe ananiambia siku za kwanza baba yake hukaa Shimonoseki kwa shemeji, ila anwani ya huko yeye mwana haijui. Lakini kila mwaka, Ijumaa asubuhi, kabla ya kupanda milimani, huenda kunywa supu kwenye soko la samaki karibu na bandari, hukohuko Shimonoseki. Kule milimani barabara ni nyembamba, na Pyo huendesha huku akitazama mandhari.

Ijumaa ni kesho. Nimekwenda kupaangalia. Maegesho ya soko yana milango miwili, na mimi ni mmoja. Gari ni jeupe, namba zake zinaishia na 4417. Yeye ni mnene, ana kofia ya kijani, na atakuwa anaimba.

Leo naenda kulala huko, na nitakuwa mlango wa mashariki tangu saa kumi na moja alfajiri. Wa magharibi hauna mtu. Njoo, mwanangu.

Njoo kwa treni.

Baba yako