Mikono ya Dada

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo siku hizi lina akili zake lenyewe.

Asante kwa kuacha nyumba yako ukaja kunitafsiria kwa meneja wa kiwanda cha uchapaji. Katika daftari langu la kila siku nimeandika: "27 Januari. Meneja amesema hawezi kumpa kiziwi kusimamia chumba cha majalada. Dada amenieleza kwa upole." Imeniuma, sitaficha. Lakini nimerudi kwenye meza yangu hapa nyumbani, nashona vitabu vya watu na kuvitia majalada kama kawaida.

Habari nyingine ni ile simu niliyopewa na chama chetu cha viziwi. Ina programu inayosikia mtu akisema na kuyaandika maneno yake kwenye kioo. Jana mama alikuwa akizungumza na jirani yetu mshona nguo, sura zao nzito kama za waombolezaji, nikasoma: "Huyu kijana wangu anakula kama mashine ya kusaga." Miaka yote hiyo nilidhani wanajadili mambo ya dini!

Hata kwa meneja niliiwasha, ikakaa mezani. Sikuitazama. Nani atazame kioo wakati mikono ya dada yake ipo?

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima, ila mtoto wa mwisho ana kikohozi. Mama umemsugua lile goti?

Ya meneja yaache yapite. Mungu hakupi kilema akakunyima mwendo. Riziki yako iko hapo hapo, kwenye uzi na gundi yako, karibu na mama.

Hiyo simu mchekee nayo jirani, lakini usiiamini sana. Shemeji yako aliijaribu ya rafiki yake, ikaandika upuuzi mtupu. Ishara zetu tulizitunga wawili chini ya meza ya jikoni, wewe una miaka mitano, mimi tisa. Hakuna mashine itakayokusikilizia kama mimi.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo.

Nimekawia kuandika kwa sababu nilikuwa nahakikisha. Mwezi wa tatu niligundua kwamba programu ile huhifadhi kila ilichoandika, pamoja na tarehe. Nikafungua 27 Januari. Nilipomaliza kusoma nikajiambia: simu imekosea, dada hawezi.

Nikaipima siku kumi na moja. Kila asubuhi mshona nguo alinisomea ukurasa wa gazeti, nami nikalinganisha neno kwa neno. Katika maneno mia ilikosea sita au saba, mengi yakiwa majina ya watu. Haikutunga sentensi hata mara moja.

Basi nanakili. Mle ofisini mliosema kwa mdomo mlikuwa wawili tu, meneja na wewe.

"Vitabu vyake nimevivuta, havikukatika mgongo. Namtaka huyu. Asimamie chumba cha majalada kwenye tawi letu jipya, na pa kulala papo. Muulize anaanza lini."

"Anashukuru sana, mzee, lakini hawezi. Kuishi mbali na nyumbani hataweza. Hajiwezi."

"Mbona hujamuuliza?"

"Namjua. Ni mdogo wangu."

Mikono yako ilikuwa inaniambia nini wakati huo, ninayo kwenye daftari.

Nauliza jambo moja tu. Ulisema hivyo?

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama je? Barua hii nimeianza mara nne.

Nilisema.

Asubuhi ile, ulipokuwa unachagua vitabu vya kupeleka, mama alinishika mkono jikoni. "Wakimchukua huyu, nani ataninyanyua kitandani?" Nilipaswa kujibu, "Mimi." Nina watoto wanne katika vyumba viwili, wewe mwenyewe unapajua. Na ungejua unatakiwa, ungekwenda. Ndiyo maana sikukuambia.

Lakini nani alikuwa masikio yako hospitalini? Nani alikaa nawe shuleni, na kando ya kitanda cha baba? Siku moja katika miaka ishirini na sita! Usiihesabu hiyo peke yake.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 28. Haya hayafai karatasini. Tukae mezani kama zamani, nikueleze kwa mikono.

Dada yako

14 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, goti la kulia limevimba kidogo.

Unasema siku moja. Ningependa kuamini. Lakini nimeyatoa madaftari yangu yote, kumi na tisa, na kila palipoandikwa "dada amesema kwamba wamesema" nasimama, sijui tena nimeandika nini. Daktari alisema nini hasa? Baba, kabla hajafumba macho, aliniachia maneno gani? Huko hakukuwa na simu.

Uliniandikia kuhusu kilema na mwendo. Mwendo nilipewa, dada. Wewe ndiye uliyesimama mlangoni.

Jumanne nilikwenda kwa meneja peke yangu, nikaiweka simu mezani. Usimamizi alishampa mtu mwingine tangu Machi. Akaniuliza kama nitakubali kuwa fundi wa kawaida huko huko tawini, chini ya huyo. Nilijibu kwa sauti yangu mwenyewe, ile mnayosema inalia kama mlango uliokosa mafuta. Akaelewa. Naanza tarehe mosi Julai.

Nilimuuliza mama kama ni kweli alikushika mkono, nikamsogezea simu. Kioo kikaandika: "Chakula chako kinapoa."

Njoo hiyo tarehe 28, na uje na mzigo wako. Wa kumnyanyua sasa ni wewe, hapa au kwako. Nimebandika karatasi ukutani: dawa nyeupe kabla ya chai; goti lisuguliwe asubuhi na jioni; umshike chini ya bega, si kwapani, kwapani panamuuma.

Mezani tutakaa, kama ulivyoomba. Ila mikono yako iache itulie juu ya meza. Sema kwa mdomo tu. Nitasoma.

Mdogo wako