Alama Saba kwa Sababu ya Mawingu

Jumamosi, jioni, mwisho wa Septemba. Jua lilitoka asubuhi bila hata kiwingu kimoja, likatuchoma Isiolo nzima mchana kutwa, na sasa linazama hivyo hivyo. Vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria ya chai.

Nimekasirika.

Na si hasira ya kidogo. Nimeunguza chapati mbili, na mimi si mtu wa kuunguza chapati. Mama ananiangalia tu kutoka kwenye kigoda chake. Hajauliza kitu bado, lakini atauliza.

Kwa asiyenijua: mimi ni Nakiru, nina miaka thelathini na moja, na nafanya usafi kwenye wodi ya akina mama wanaojifungua. Napiga deki, nafua shuka, na nikimaliza naitwa nitafsiri. Mama mjamzito anaumwa kwa Kiturkana, Sista anauliza kwa Kiswahili, daktari anaandika kwa Kiingereza, na katikati ya hao wote ni mimi na ndoo yangu. Nataka kuwa muuguzi. Chuo kinataka C ya Kiingereza. Mimi nina C ya kutoa, ngazi moja chini yake, na nimeipata mara mbili. Novemba naingia chumba cha mtihani wa kidato cha nne mara ya tatu, na nimejiapia kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Nikianguka tena, nabaki na ndoo.

Kwa hivyo kila Jumamosi tunakutana watu wazima tisa kwenye ukumbi wa kanisa, na Mwalimu Mwenda anatufundisha. Ni mwalimu mstaafu, ametoka kule juu Meru, na nisimseme vibaya, anatufundisha kwa moyo wake. Jumamosi iliyopita alitupa insha ya Kiingereza: eleza siku iliyokufurahisha kuliko zote maishani mwako.

Haki nilifurahi nilipoona hilo swali. Hiyo siku ninayo. Sikuhitaji kutunga hata neno moja.

Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi nyumbani Oldonyiro kwa likizo. Ukame ulikuwa umetumaliza. Mbuzi walikuwa wameisha, ng'ombe amebaki mmoja tu, yule mwekundu, na huyo alikuwa hawezi kusimama mwenyewe. Kila asubuhi tulimwinua. Baba anashika mkia, Mama anaingia ubavuni, mimi nashika pembe, halafu tunahesabu moja, mbili, tatu. Akishasimama anatetemeka, anatembea hatua chache, tunashukuru Mungu. Asubuhi ng'ombe akishindwa kuinuka hata kwa mikono ya watu, unajua hiyo imekwisha.

Siku hiyo tulikuwa tumemshika hivyo, Mama akatazama juu ya vile vilima, akamwachilia ng'ombe. Wingu jeusi, zito, limekuja bila hodi. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Alitoa kila sufuria, kila beseni, kila kikombe, akapanga nje. Baba, ambaye alikuwa hajasema neno karibu wiki nzima, alianza kuimba. Jioni, mvua ikimwagika, tulimwingiza ng'ombe ndani ya nyumba asiuawe na baridi, tukamfunika blanketi tulilokuwa nalo, sisi tukalala tumejikunja. Asubuhi tulipoamka tumwinue, alikuwa amesimama. Peke yake. Hakuna mtu aliyemgusa.

Hiyo ndiyo siku niliyoiandikia insha. Leo karatasi imerudi na alama saba kati ya ishirini.

Saba!

Ile sentensi yangu ya kwanza, kwamba mawingu meusi yalifunika anga na sisi tukafurahi sana, imezungushiwa kalamu nyekundu. Pembeni ameandika kwamba haileti maana, kwamba mawingu meusi ni dalili ya huzuni, na kwamba siku ya furaha inafaa ianze na jua linalong'aa na ndege wanaoimba.

Jua linalong'aa. Jameni. Jua linalong'aa ndilo lililotumalizia mbuzi!

Na kilichonipandisha hasira zaidi ni Galgalo. Galgalo ni mwendesha boda, anakaa dawati la nyuma yangu, na yeye amepata kumi na tano. Aliandika asubuhi tulivu, jua la dhahabu, ndege kwenye miti, shangazi amekuja kutoka ng'ambo na zawadi. Hana shangazi ng'ambo. Shangazi yake anauza maziwa ya ngamia hapa sokoni na mimi ni mteja wake! Nilipomuuliza, hata hakuona haya.

"Dada, mimi nimekariri kompo tatu," akaniambia. "Swali ikikuja yoyote, naangusha moja. Hata mimi wingu likikuja nafurahi, mama yangu kule Sericho hulia kabisa kwa furaha. Lakini hapa natafuta maksi, sitafuti ukweli."

Nikaona nisinyamaze. Kipindi kilipoisha nikaenda mbele na karatasi yangu. Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima njiani kutoka dawati langu hadi kwake, lakini yalipotea yote.

"Mwalimu, ulitaka niandike kwamba tulihuzunika?"

Alivua miwani akaifuta. "Nakiru, huko kwetu mwezi wa saba tunakaa wiki tatu bila kuona jua. Nguo hazikauki, watoto wanakohoa, hata kuku wananuna. Wingu likija, mtu anafunga mlango."

"Huku si kwenu, Mwalimu."

Nilisikia aibu hapo hapo, kwa sababu yule ni mzee, na Mama hakunilea nijibu wazee hivyo. Lakini hakukasirika. Alicheka kidogo, akarudisha miwani.

"Ni kweli, huku si kwetu," akasema. "Lakini atakayesahihisha karatasi yako Novemba hajui kwetu wala kwenu. Ana rundo la karatasi mezani, amechoka, na hatakuita umweleze. Fikiria hilo, mama."

Sikufikiria. Nilichukua kibeti changu nikaondoka bila hata kuaga vizuri. Njia nzima nilikuwa nagombana naye kichwani, na kichwani nilikuwa nashinda.

Ukitaka kujua kwa nini nimeumia hivi, acha niseme. Miaka yote nimeambiwa Kiingereza changu ni kibovu. Sawa. Vitenzi vinanishinda, nakubali, nasahihisha. Lakini leo sikuambiwa Kiingereza ni kibovu. Nimeambiwa furaha yangu ni kosa. Mama yangu anapiga vigelegele, halafu mtu anachora mviringo mwekundu hapo na kuandika kwamba haileti maana. Hata jina langu, Nakiru, nilipewa kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, na nyumbani kulikuwa na sherehe. Nalo alikate?

Basi Mama akauliza, kama nilivyojua atauliza. Nikamweleza yote kwa Kiturkana, na mikono nikirusha. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akiikwangua ile chapati iliyoungua, maana kwake chakula hakitupwi.

"Huyo mwalimu, wakati ule wa ukame alikuwa wapi?"

"Kwao Meru, Mama."

"Sasa angejuaje?"

Akala chapati yake. Kwake maneno yalikuwa yameisha.

Nilitaka aseme mwalimu ni mjinga. Nilitaka mtu wa kukasirika naye.

Nimeichukua ile karatasi nimeisoma tena, polepole, na sasa naandika jambo ambalo sipendi kuliandika. Sentensi ya kwanza ni wingu. Furaha imo humo humo. Ukame nimeutaja mara moja tu, chini kabisa, karibu na mwisho. Kule kumwinua ng'ombe sikueleza hata kidogo. Ni kama niliona kila mtu duniani ameshawahi kushika pembe za ng'ombe asubuhi na kuhesabu hadi tatu.

Na kazini sifanyi hivyo! Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Leparua alikataa katakata kulala kitandani wakati wa kujifungua. Sista alikuwa ameanza kupandisha sauti, ati mgonjwa ni mkaidi. Sikutafsiri tu kwamba mama amekataa. Nilimwambia Sista kwamba kwao mtu hujifungua akiwa amepiga magoti, mama yake alifanya hivyo na bibi yake pia, na kitanda kinamtisha. Sista akashusha godoro sakafuni, mtoto akazaliwa salama. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Halafu mimi huyo huyo, siku ya kueleza mambo yangu mwenyewe, namrushia mtu wingu bila kumwambia lolote, nakasirika akinuna.

Bado nina hasira, msidhani imeisha. Alama saba ni uonevu. Na ule mchezo wa kukariri shangazi wa ng'ambo kisha mtu apewe kumi na tano, hilo nitalisema mpaka nizeeke. Mwalimu angeweza kuniuliza swali moja tu pale pembeni, badala ya kuniambia furaha inafaa ianze vipi. Nitamwomba radhi kwa ile sauti yangu, lakini si kwa maneno yenyewe.

Ila sitaki kubaki na ndoo. Na sitaki kuingia chuo kwa mgongo wa ndege ambao sikuwahi kuwasikia.

Kwa hivyo nimechana ukurasa mpya na nimeanza upya, kalamu ikiteleza kwa jasho. Safari hii naanza na jua. Ukurasa wa kwanza wote ni jua tu: mbuzi mmoja baada ya mwingine, kisima ambacho ukiteremsha ndoo inarudi na mchanga, Baba aliyenyamaza, pembe mikononi mwangu, moja, mbili, tatu. Wingu nimelishikilia hadi ukurasa wa pili. Nimemsomea Mama kwa Kiturkana, akatikisa kichwa, akasema nimesahau kwamba alitoa nje hata kifuniko cha birika. Nimekiongeza.

Ndege sijaweka hata mmoja.

Jumamosi ijayo nampa Mwalimu Mwenda, na Novemba nampa yule mtu wa rundo la karatasi, popote alipo na vyovyote alivyochoka. Sitaki anihurumie. Nataka tu kwamba akifika kwenye wingu langu, awe ana kiu.