Ng'ombe wa Mzee Saning'o

Masanze, Kilosa,
Morogoro.
9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Filomena,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua huko Sengerema umeshapiga goti. U hali gani? Kifua kimeachia? Na wagonjwa wako wodini, wanakusumbua? Sisi huku wazima, mama yako mdogo Bibiana mzima. Goti langu tu ndilo linaniuma, na hilo ni kwa sababu ya kazi za kitaifa.

Nasema za kitaifa kwa kuwa kama wilaya nzima ya Kilosa, kuanzia Mamboya milimani mpaka Mikumi kwa simba, inalala usingizi mwezi huu, ni mimi baba yako mdogo Herman niliyeilaza. Usicheke. Kwa mtu aliyewahi kumkodolea tembo macho mpaka tembo akampisha njia, hilo ni jambo dogo.

Unamkumbuka mzee Saning'o, mfugaji mwenye boma ng'ambo ya reli. Mwaka jana ng'ombe wake waliingia shambani kwetu wakala mahindi yote, wakatuachia mabua. Tangu hapo hatusalimiani. Basi Jumanne asubuhi naenda shamba, namkuta ng'ombe wake mwekundu, yule mwenye kengele, yuko peke yake katikati ya mbaazi zangu, anatafuna kama aliyealikwa.

Majirani wakajaa. Gabrieli akasema, "Herman, usithubutu kumrudisha. Mimi nilirudisha ndama wao nikaitwa mwizi. Ndama akalala kwao, mimi nikalala mahabusu." Ni kweli mwanangu, wote tuliona. Mwingine akasema tumchinje tugawane. Mwingine eti tumswage porini upande wa Mikumi, simba wamalizie, shahidi atatoka wapi?

Mimi niliyeishia darasa la sita, maana walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, nilipima nikaona Gabrieli ana akili. Mama yako mdogo akaniuliza tu, "Baba Cleopa, Neno linasemaje juu ya ng'ombe wa adui akipotea?"

Nikamwambia, "Linasema arudishwe, lakini wakati ule hapakuwa na mahabusu."

"Kwani Yusufu alilala wapi?"

Nikawaza, Gabrieli anajua yaliyompata yeye, lakini ya kesho hayajui, wala mimi siyajui. Kama namtii Mungu pale tu ninapoiona njia mwenyewe, basi siyo yeye ninayemtii, ni macho yangu. Nikaenda kutafuta kamba.

Mimi na mama yako mdogo tukamfunga ng'ombe shingoni, tukaanza kumvuta. Kosa hilo! Sisi wa jembe hatujui. Mfugaji humswaga ng'ombe kwa fimbo, yeye yuko nyuma. Akimwona mtu anamvuta ng'ombe wake kwa kamba, anajua huyo anapelekwa kuchinjwa. Tulipovuka reli tu vijana wa boma wakatuona, wakatimua mbio kuja kwetu, fimbo juu, wanapiga kelele za mwizi, na mzee mwenyewe nyuma yao. Filomena, palikuwa pa kufa pale. Lakini kamba ikafunguliwa, na badala ya mbio ikatolewa salamu kwa sauti kubwa: "Shikamoo mzee Saning'o! Tumekuletea ng'ombe wako!" Ng'ombe akawapita vijana wote akaenda moja kwa moja kwa mzee.

Mzee akaketi chini palepale vumbini, akamshika ng'ombe pua. "Marahaba," akasema. "Maziwa ya huyu ndiyo wanayokunywa wajukuu wangu, mama yao alifariki. Sisi tulijua mmeshamla. Vijana hawa walikuwa wanakuja kwenu sasa hivi."

Hebu fikiria, mwanangu. Mapanga yalikuwa yameshatolewa ndani. Tungefuata tulichokizoea, leo huku tungekuwa tunazika, sisi tunazika na wao wanazika.

Tukapewa maziwa. Kijana mmoja akanicheka, "Mzee, ng'ombe siyo ndoo ya kisimani, havutwi!" Nikacheka na mimi, maana kifua kilikuwa chepesi kama nimetua gunia. Mahindi ya mwaka jana bado yameliwa, hilo hatujalimaliza. Lakini sasa tunasalimiana. Gabrieli amenuna, anasema nilibahatika tu. Labda. Ila wakati naondoka nyumbani na ile kamba hakuna aliyekuwa amenionyesha hiyo bahati.

Nisalimie mumeo Ulimboka, na mjukuu wangu Magdalena umbusu mashavu yote mawili. Mungu aliyezishusha fimbo zile awe mlangoni kwenu, mkitoka na mkiingia.

Ni mimi nikupendaye, na asiyekusahau kwenye sala,
Baba yako mdogo,
Herman.

N.B. Mama yako mdogo ameisoma barua hii na amekataa kuifunga bahasha mpaka niongeze jambo. Aliyefungua kamba na kutoa ile shikamoo ni yeye. Mimi vijana walipotokea niliingia kwenye mbaazi za watu, nikalala kifudifudi, hapo ndipo goti lilipoumia. Nilikuwa naomba, hilo Mungu anajua. Nilitoka niliposikia vikombe vya maziwa.