Nani Alifungua Uzio wa Mbuzi Barabara ya Kestrel

OFISI YA SHERIFU, KITUO CHA HARKER FLAT, KALIFORNIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Harlan Teague
Umri: Miaka 74
Kazi: Mwalimu mstaafu wa jiografia na uraia
Makazi: Nyumba namba 6, Barabara ya Kestrel
Tarehe na saa: Jumamosi, 11 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi
Mwandishi wa maelezo: Sajini Ines Ybarra

Kosa wanalofanya watu wengi wakipata barua ya kunyimwa bima ya nyumba ni kumtafuta jirani wa kumlaumu. Barua haina uso, na kampuni haina mlango unaoweza kuugonga. Jirani yupo, unamwona kila asubuhi akiokota gazeti lake. Naanza na hilo, Sajini, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini watu wazima saba waliosimama mbele ya askari wako leo asubuhi walisema jambo moja kwa sauti moja, na jambo lenyewe halikuwa kweli.

Barabara yetu ina nyumba tisa, zimepangana kwenye mgongo wa kilima. Tangu ule moto wa nyika ulioteketeza bonde la pili, ada za bima zimekuwa zikipanda. Yangu ilitoka dola elfu mbili na mia nne kwa mwaka ikafika elfu saba na mia tisa, nami nililipa. Mwezi Februari kampuni ikaandika kwamba hata kwa hizo elfu saba hainitaki tena, bima yangu itakwisha tarehe 31 Mei. Majirani wengine saba walipata barua kama hiyo, maneno yaleyale, jina tu limebadilishwa.

Naomba uandike na hili, maana mtu asiye na nyumba ya mkopo hulisahau. Mwenye mkopo wa benki haruhusiwi kukaa bila bima. Akikosa, benki humnunulia yenyewe, kwa bei inayoitaka, na kumwongezea kwenye malipo ya kila mwezi. Bima hiyo hulinda fedha za benki. Kitanda cha mwenye nyumba na nguo za watoto wake havimo. Na kuuza hawezi, kwa kuwa mnunuzi naye atadaiwa bima ileile isiyopatikana. Kwa hiyo majirani zangu walikuwa wamebanwa kweli. Sisemi walikuwa wabaya tangu mwanzo.

Bi Colleen Strand wa nyumba namba 4 ndiye mwenyekiti wa kamati ya barabara. Alihangaika kuliko sisi wote, na hilo nalisema bila kinyongo. Alimpata wakala aliyemwambia iko kampuni moja itakayotuchukua, kwa sharti kwamba kilima chote kifyekwe vichaka. Nyumba nane hazitoshi. Zote tisa, kwa kuwa moto hupanda mlima na hausomi namba za milangoni. Mkaguzi wa kampuni hiyo anakuja Jumatano ijayo. Kamati ikakodi mbuzi mia moja na arobaini, kwa sababu kilima ni kikali na mashine hazipandi.

Nyumba ya tisa, ya chini kabisa, ni ya Bwana Verne Mattingly, miaka 77, dereva wa kreni mstaafu. Yeye hana deni benki na hana bima. Alilipa bima miaka thelathini na moja. Ghala lake lilipoungua, kampuni ikamwambia nyaya za umeme zilikuwa za zamani, haitamlipa. Siku ile aliuvunja mkataba, na hajawahi kurudi. Vichaka vyake ndivyo vilivyo vingi kuliko vya wote, na viko chini ya madirisha yetu.

Mnamo tarehe 2 Mei, jioni, tulikutana kwenye gereji ya Bi Colleen. Verne alikuja, akakataa kukaa.

Colleen alimwambia, "Verne, ndugu yangu, ni siku mbili tu. Mbuzi waje, wale, waondoke. Hutoi hata senti."

Verne akasema, "Mwaka jana mlinishtaki wilayani kwa sababu ya gari bovu. Leo nimekuwa ndugu yako?"

"Hatuongei habari za gari. Tunaongea nyumba zetu."

"Nyumba zenu, sawa. Yangu haina shida. Mbuzi wako akikanyaga kwangu atarudi kwako akiwa kitoweo."

"Mzee mchoyo wewe! Utatuua kwa ukaidi wako."

"Mimi nitatangulia," Verne alisema. "Umri unaniruhusu. Msiwe na haraka."

Watu wawili walicheka. Colleen hakucheka. Mkutano ukaisha kwa makubaliano ya maandishi kwamba mbuzi watakula kwenye viwanja vinane, na kwamba uzio utawekwa kwenye mpaka wa Verne. Nami nilitia sahihi hapo. Sikutia sahihi kwa jambo lingine lolote.

Alhamisi tarehe 9 mbuzi waliletwa, pamoja na mchungaji wao, Eusebio Huamán, mtu wa Peru. Karavani lake, kijumba cha magurudumu anacholala, lilisimama karibu na ukuta wangu, ndiyo sababu nilimjua. Kihispania changu ni kibovu lakini kinatosha kuombea chumvi. Uzio wake ni wa nyavu zenye umeme wa betri, vipande vilivyounganishwa kwa ndoano na kushikiliwa na vijiti vya plastiki. Kila jioni huuzunguka wote na kuugusa kwa jani bichi, aone kama umeme bado unapita. Jana jioni, Ijumaa, nilimpelekea kahawa nikamkuta kwenye mpaka wa Verne akifanya hivyo.

Nikamuuliza, "Vipi leo?"

"Unauma, Mwalimu. Unauma vizuri. Mbuzi hapiti hapa hata akimwona mama yake upande wa pili."

Mnamo tarehe 11 Mei, yaani leo, nilikuwa jikoni kwangu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kulikuwa kumepambazuka kiasi cha kuona rangi. Dirisha la jikoni linatazama chini, kwenye mpaka wa Verne, na kutoka hapo hadi uzioni ni umbali wa kumrushia mtu mpira na akaudaka. Nilimwona Colleen Strand akishuka, amevaa kizibao chake cha kamati cha rangi ya chungwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye betri, akainama, akazima. Kisha akafungua ndoano, akang'oa vijiti vinne, akakunja wavu kuelekea upande wetu kama mtu anayekunja shuka. Akapiga makofi. Mbuzi wakasimama, wakamtazama, wakaanza kuteremka kwa Verne.

Umeniuliza kama nina hakika ni yeye. Nina hakika. Alipogeuka kupanda nilimwona uso, naye aliona taa ya jikoni kwangu inawaka. Alisita kidogo, kisha akaendelea na njia yake.

Nilivaa viatu nikatoka. Nilikwenda kwanza kwenye karavani kumwamsha Eusebio. Alikuwa amelala, kama mtu yeyote mwenye haki ya kulala saa hiyo. Nilimwambia mbuzi wako kwa Verne. Alitoka na suruali na fulana tu, mbwa mbele yake.

Tulipofika, mbuzi walikuwa wameshaviacha vichaka. Mbuzi ana akili. Kwa nini ale majani makavu na bustani iko pale? Verne ana miti ya tufaha ishirini na tatu aliyoipanda mwenyewe, midogo bado, unene wa mkono. Walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wakiichuna magome. Mti ukichunwa gome mzunguko mzima hufa, hata ukiufunga kwa dawa. Nilihesabu mitatu tu iliyosalimika, nikaacha kuhesabu.

Verne alikuwa kwenye kibaraza, bunduki mkononi, bila viatu. Alikuwa akipiga kelele, "Watoeni! Watoeni mashetani wenu!" Alifyatua, mbuzi mmoja akaanguka. Akafyatua tena, akaanguka wa pili. Eusebio alikimbia katikati ya mbuzi wake huku akipiga mluzi kuwarudisha, akapanda kibaraza, akaushika mtutu na kuuelekeza juu. Risasi ya tatu ilikwenda hewani. Verne alikaa chini ghafla, na hapo ndipo alipochubuka kiwiko. Hakupigwa, Sajini. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Eusebio alitoa risasi zilizobaki, akaniwekea kiganjani mwangu, na bunduki akailaza juu ya boneti ya gari la Verne. Kisha akamshika yule mzee kwapani ili amwinue.

Verne akamwambia, "Niache! Umeniulia miti yangu, sasa unataka kunibeba?"

Eusebio hakuelewa maneno, lakini alielewa sauti. Akamwachia, akarudi nyuma, akavua kofia.

Majirani walikuwa wameshatoka wote. Askari wako wawili walifika kama saa kumi na mbili na robo. Wa kwanza kuwaendea alikuwa Colleen. Nilisikia maneno yake: "Mchungaji amelala, ameacha uzio wazi. Kisha amempokonya mzee wa watu bunduki na kumwangusha." Askari akawauliza wengine kama ndivyo. Wakatikisa vichwa kukubali, mmoja baada ya mwingine, na nusu yao walitoka ndani wakati mambo yameshakwisha. Verne naye alisema, "Mchukueni, na mbuzi wake." Eusebio alirudia kwa Kihispania kwamba uzio wake ulikuwa unauma. Hakuna aliyemsikiliza. Wakamfunga pingu.

Nilimwambia yule askari mdogo, "Nina neno juu ya uzio." Akaniambia, "Mzee, njoo kituoni baadaye, sasa tuna kazi." Nikampa zile risasi, nikarudi nyumbani kubadili nguo.

Colleen alinikuta kwenye njia ya gari langu. Maneno yake nayakumbuka yote, kwa hiyo nayaandikisha.

"Harlan, ulikuwa macho mapema leo."

"Kama kila siku."

"Mbuzi wameangusha uzio. Umeona."

"Mbuzi akiangusha wavu humnasa miguuni naye akauburuta. Ule umekunjwa."

"Basi mchungaji ndiye aliukunja."

"Colleen, nilikuona."

Akasema, "Sawa, umeniona. Sasa nisikilize. Mkaguzi anakuja Jumatano. Akikuta kamati ina kesi, kampuni inaondoka, na sisi wanane tunabaki mikono mitupu tarehe 31. Na wewe umo. Unataka nyumba yako ikae hivyo, kwa ajili ya mtu ambaye mwezi ujao hata hayupo hapa?"

Nikamwambia, "Hayupo kwa sababu utakuwa umemfukuzisha." Kibali cha Eusebio cha kufanya kazi ni cha tajiri mmoja tu, mwenye mbuzi. Akishtakiwa, tajiri humwacha, na akiachwa, hurudishwa kwao. Nimefundisha uraia miaka thelathini na mbili, najua mambo hayo yanakwenda hivyo.

"Atapata mbuzi wengine huko Peru," Colleen alisema. "Mimi nitapata nyumba nyingine wapi? Niambie, mwalimu wa ramani. Wapi?"

Akaniambia pia, "Ukienda kule kituoni, usinisalimie tena maishani mwako." Akaondoka. Alikuwa analia, nami naandikisha hilo kwa sababu ni kweli kama mengine.

Umeniuliza, Sajini, kama nina ugomvi na Bi Strand. Hadi jana sikuwa nao. Mke wangu alipougua, yeye ndiye aliyetuletea supu wiki mbili. Umeniuliza kama ninanufaika kwa haya ninayosema. Bima yangu inakwisha siku moja na yake, na baada ya maelezo haya sidhani mkaguzi atapata sababu ya kupanda kilima chetu. Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, mwanangu, ulipokuwa mwanafunzi wangu ulikuwa mzuri wa hesabu.

Umeniuliza mwisho kama Verne anastahili kulipwa miti yake. Anastahili, na anayedaiwa si mchungaji. Pia Verne alikuwa na haki ya kukataa mbuzi, ingawa nilimwona mjinga kwa kukataa, na bado namwona hivyo. Mtu anaweza kuwa mjinga kwenye kiwanja chake.

Hadi natoka nyumbani, mbuzi walikuwa wametapakaa barabara nzima, mbwa peke yake akihangaika, na majirani zangu wote wamejifungia ndani, kwa kuwa hakuna hata mmoja anayejua kuwakusanya. Anayejua yuko kwenye chumba chenu cha nyuma.

Niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio ni hayo. Sikulazimishwa na mtu wala kuahidiwa kitu. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa yangu.

Sahihi: H. Teague

MAONI YA OFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini I. Ybarra, kwa mkono wangu. Shahidi amesahihisha herufi mahali pawili kabla ya kutia sahihi. Nimetuma askari mpakani kupiga picha wavu uliokunjwa na swichi ya betri, kisha wafike nyumba namba 4 wamlete Bi Colleen Strand kwa mahojiano. Bunduki ya Bwana Mattingly ibaki hapa kituoni hadi nitakapoongea naye.

Kwa askari wa zamu ya mahabusu: mtoe Eusebio Huamán leo, sasa hivi, mrudishie simu na mkanda wake, na umpeleke kwa gari letu hadi kwa mbuzi wake.