Lenzi ya Kumpigia Kitinda Picha Angani

Nyumba ya kona, ghorofa ya tatu,
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kukuomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa kupumzika katikati? Sisi huku wazima. Bega langu lililopasuliwa mwaka jana limepona, ila likibebeshwa mzigo linanuna.

Uliomba picha ya Kitinda wetu akirusha ndege kwenye maonyesho. Shangazi, hukujua umenituma wapi! Mimi ni mpiga picha wa harusi, na maharusi hawaruki. Lenzi yangu inafika mwisho wa ukumbi, basi. Kwa ndege ingenipa nukta nyeusi, ungedhani ni nzi.

Nawe unajua Baba alikuwa hasemi na Kitinda tangu aache kurusha ndege za abiria akaenda kupindua ndege miguu juu. Miezi saba! Mzee katengeneza injini za ndege maisha yake yote, halafu kitinda mimba wake anazichezea hewani. Nilipomwalika kwenye maonyesho alinijibu neno moja tu: "Siendi." Kwa hiyo picha hiyo nilikuwa naitafutia watu wawili, wewe na yeye.

Muuza kamera alinitolea lenzi mbili. Moja ya milimita mia sita, ya kuona mbali kabisa, nene kama paja, akaisifia utadhani ananiozesha. Nyingine ya kuvuta, unayoweza kuipanua au kuisogeza karibu, kuanzia milimita mia moja mpaka mia nne. Nikaomba kuzijaribu pale mlangoni, nikawalenga njiwa juu ya paa la jirani. Ile kubwa ilinionyesha hadi jicho la njiwa, lakini akiruka tu simwoni tena, nabaki nahangaika na anga tupu, bega linalalamika. Kwa ile ndogo nilimpata kwanza kwa upana, na anga pande zote, nikamfuata, ndipo nikamvuta karibu.

"Utajuta, dada. Ndege zinapita mbali," akaniambia.

"Nitajuta zaidi nikirudi na picha za mawingu."

Tena kuna suala la propela, yale mapanga yanayozunguka mbele ya ndege. Ukipiga picha kwa kasi sana inaganda, utafikiri injini imezimika, na Baba picha za hivyo hataki hata kuziona. Ukipunguza kasi, inazunguka vizuri, lakini mkono ukitikisika kidogo tu umeharibu. Nilihitaji lenzi ambayo mkono wangu unaiweza. Nikachukua ndogo.

Siku ya maonyesho nilipiga picha zaidi ya mia tisa, nyingi ni ukungu mtupu. Kitinda alipopita mbele yetu ndege imelala ubavu, tumbo limetuelekea, nilizuia pumzi nikageuka naye taratibu. Hiyo ikatoka. Propela inazunguka, misumari yote ya tumboni inahesabika.

Nikaichapisha picha hiyo kwa ukubwa, nikamwekea Baba mezani. Akaitazama. Akavua miwani, akavaa ile ya kusomea.

"Haya mafuta yameanza lini?"

Mimi nilidhani ni vumbi. Alinionyesha kwa kidole mstari uliotoka chini ya injini.

"Kidogo tu ni kawaida. Haya yamefika mkiani. Mpigie."

Nikapiga, Baba akaichukua simu, na Kitinda akapokea akidhani ni mimi. Baba hata salamu hakutoa. "Usiirushe hiyo ndege."

Shangazi, mimi nilikuwa nimeshika kiti. Kisha nikasikia sauti ndogo: "Sawa, Baba."

Asubuhi Baba alikwenda kwenye banda lao la ndege na sanduku lake la vifaa. Walikuta bomba la mafuta lina ufa mwembamba kama unywele. Fundi wao alikiri kwamba lingeweza kukatika angani wakati wowote. Kitinda ananiambia Baba alimgombeza mbele ya mafundi wote, kisha akamwambia ashike tochi wafunge bomba jipya pamoja. "Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile," akasema, huku analia.

Nimekuwekea picha mbili humu ndani. Ile ambayo uso wa Kitinda unaonekana ni yako, usimpe mtu; nyingine ndiyo ile ya mafuta.

Msalimie Mjomba, na wale pacha waambie wasome. Mungu akupe miguu myepesi na usingizi mtamu.

Jumamosi kuna maonyesho mengine. Baba ameshapiga pasi shati lake.

Ni mimi nikupendaye daima,
Binti yako wa kamera.